Kushuka na Frii

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Sagalla alinipigia simu asubuhi moja ya kiangazi, mwaka juzi, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda katika chumba nilichopanga Voi, nikijiuliza kama nihame au nibaki. Nilikuwa nimemaliza miezi mitano pale. Kwangu mimi miezi mitano ni mingi.

"Wewe ndiye fundi aliyekuwa Arabuni akitengeneza mashine za nyasi?"

Nikasema ndimi.

"Na ni kweli wewe ni mtoto wa huku?"

Hilo sikulijibu upesi. Nilizaliwa Sagalla, nikasoma huko huko mpaka kidato cha nne, nikateremka na begi moja nikiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo nimekaa Mombasa, Malindi, Naivasha, Tanga, na miaka minne katika nchi ya Kiarabu ambako kazi yangu ilikuwa kutunza trekta ndogo za uwanja wa gofu. Kule tulimwagilia nyasi katikati ya jangwa, usiku na mchana, na mama yangu akipanga foleni ya maji huku mlimani. Nilirudi mara moja kumzika, na mara ya pili kufunga nyumba.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mtoto wa huko."

"Basi panda uje utuangalizie trekta yetu. Inashtukashtuka kama punda aliyeumwa na nyuki. Na usikawie, fundi. Jumapili tuna mkutano, na wapo wanaotaka tuitoe."

Trekta yenyewe, alinieleza, ilikuwa zawadi. Wageni fulani wa kanisa waliileta iwasaidie kukata nyasi za uwanja. Mwaka ule Sagalla hakukuwa na nyasi ya kukatwa hata na mbuzi. Kwa hiyo walitoa visu vya chini, wakafunga trela ndogo nyuma, ikawa inabeba mitungi kutoka kwenye tangi la chini, pale bomba linapoishia, mpaka kwenye zahanati na kwa wazee wasioweza tena kubeba.

Nilipanda na boda. Dereva alinishusha mbele ya kanisa, na pale kivulini mwa ukuta nikaiona: trekta ya kijani iliyopauka, kiti kimepasuka na kushonwa kwa uzi wa gunia. Kando yake, juu ya mtungi uliogeuzwa, alikaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa buti za mvua na leso kichwani. Nilidhani anasubiri maji. Nikamwuliza, dereva wa trekta yuko wapi.

"Unamwangalia," akasema.

Kisha akanisalimia kwa Kisagalla. Nilimwelewa kila neno, lakini mdomo ulinijia na Kiswahili. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayesoma bei kwenye kibandiko.

"Wewe ni wa nyumba ile ya kule chini, yenye mti wa mnyaa mlangoni," akasema. "Umefanana na mama yako. Wenzako wakitoka Arabuni hurudi na gari. Wewe umerudi na kibegi."

"Kibegi kina spana."

"Basi tuone hizo spana zinajua nini."

Nilimwomba aendeshe nione. Mtu asiyejua mashine hizi angetafuta gia na asingeipata. Ndani yake kuna pampu ndogo inayosukuma mafuta, mafuta yanazungusha mota, mota inazungusha magurudumu. Ukikanyaga pedeli kidogo inakwenda polepole, ukikanyaga zaidi inakwenda zaidi, na ikiwa nzima inaondoka taratibu kama mtumbwi uliosukumwa kwa mkono. Hii haikuondoka hivyo. Ilivuta, ikaacha, ikavuta, ikaacha. Kichwa cha yule mama kilikwenda mbele na nyuma, mitungi ya maji kwenye trela ikagongana na kumwagika. Aliendesha mita hamsini na kurudi. Aliposhuka, nusu ya maji ilikuwa mchangani.

"Nikifika zahanati," akasema, "ninafika na mitungi nusu nusu. Watu hawasemi kitu. Wanaangalia tu ndani ya mtungi."

Wakati ninafungua kifuniko cha mbele aliniambia jambo zima. Kulikuwa na hoteli Voi yenye bustani kubwa. Wenye hoteli walikuwa tayari kuichukua trekta vile vile ilivyo, na badala yake walipe kanisa tangi la plastiki. Baadhi ya wanakamati waliona ni bora tangi lisilokorofisha kuliko trekta inayomwaga.

"Tangi tunalo," akasema. "Tangi halipandi mlima."

"Na trekta ikienda, wewe utafanya nini?"

"Nitarudi kukaa ndani."

Alilisema bila huzuni, na ndiyo sababu nimelikumbuka. Mume wake alikuwa dereva wa lori, alikufa miaka tisa iliyopita. Watoto wako Nairobi, wanapiga simu Jumapili. Kabla ya trekta, aliniambia, siku ingeweza kwisha bila mtu kumwita. Sasa tangu asubuhi ni Dereva hapa, Dereva pale, Dereva nipitie, Dereva una nafasi ya mtungi mmoja. Hata mwenyekiti, ambaye alikuwa mwalimu wake wa darasa la sita na hakuwahi kumwita kwa jina lolote zuri, alimwita Dereva.

Mimi nazijua siku za namna hiyo. Voi nilikuwa nakunywa chai katika mkahawa mmoja karibu na reli ya zamani, na mwenye mkahawa alikuwa akiniwekea kikombe bila kuniuliza. Watu wangesema huko ni kufahamiana. Lakini miezi mitano nzima hakuwahi kuniuliza jina, na mimi sikumwuliza lake.

*

Siku ya kwanza nilidhani ni belti. Mashine inayovuta na kuacha, kwanza unaangalia ile belti inayotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwa pampu. Ikilegea au ikichakaa inateleza, inashika, inateleza. Niliikuta inang'aa ubavuni kama mkanda wa suruali ya zamani, na springi inayoikaza imechoka. Nikafurahi. Fundi hufurahi akikuta kosa mapema, kama mtu aliyeingia nyumba ya mgeni akakuta chakula mezani. Kesho yake nilishuka Voi, nikapata belti ya ukubwa ule ule kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga, nikapanda nikaifunga.

Ilivuta, ikaacha, ikavuta, ikaacha.

"Spana zinajua belti," akasema Dereva.

"Ngoja."

"Mimi nangoja. Ni Jumapili ndiyo haingoji."

Siku ya tatu nikaenda kwenye mafuta. Ya kwenye pampu, si ya injini. Kuna kikombe kidogo cha plastiki juu yake, chini ya kiti, ambacho watu wengi hawakijui. Nilikifuta vumbi, nikafungua. Mafuta yalikuwa chini ya alama, na juu yake kulikuwa na povu jeupe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Povu ni hewa. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yana nguvu ya kusukuma, hewa inabonyea. Pampu ikikutana na hewa inasukuma mto wa sufi, ikikutana na mafuta inasukuma jiwe, na wewe uliye kwenye kiti unasikia mto, jiwe, mto, jiwe.

Nilimwaga yote, nikatia mapya, kisha nikaanza kuitoa hewa. Kazi hiyo inahitaji subira kuliko akili. Tuliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki na mawe ili yazunguke hewani. Kuna kifimbo cha chuma huko nyuma, karibu na ndoano ya trela, ambacho ukikivuta kinafungua njia ya pembeni ndani ya pampu, mafuta yakapita bila kusukuma chochote. Unakivuta, unawasha injini polepole, unakanyaga pedeli mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara tano sita. Unazima, unarudisha kifimbo, unawasha, unarudia. Viputo vinapanda katika kile kikombe kimoja kimoja.

Dereva aliketi kitini akikanyaga pedeli nilivyomwelekeza, mimi nikiwa chini nimelala mchangani. Kutoka pale niliona buti zake tu, na ng'ambo yake bonde na mteremko unaokwenda kwenye nyumba yetu. Paa lilikuwa limeshuka upande mmoja. Mnyaa wa mama umekuwa mrefu kupita mlango. Kila asubuhi wiki ile boda ilinipitisha pale, na kila asubuhi nilijifanya natafuta simu mfukoni.

"Umelala, fundi?"

"Nahesabu viputo."

"Vingapi?"

"Havipo tena."

Alhamisi alasiri trekta ilipanda kutoka kwenye tangi la chini na mitungi kumi na miwili, haikumwaga hata kikombe kimoja cha maji. Watu waliokuwa zahanati walitoka nje kuangalia. Mama mmoja mkongwe alitia mkono ndani ya mtungi hadi kifundoni kuhakikisha. Dereva alishuka akatembea kuizunguka trekta mara moja, kama anayekagua ng'ombe mnadani, akasema, "Basi tutaona hiyo Jumapili."

Usiku ule nililala Voi vizuri. Nakumbuka kwa sababu si kawaida yangu.

Ijumaa saa sita mchana simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Imerudi," akasema. "Vile vile."

*

Nilifika jioni nikafungua kile kikombe. Povu. Siku moja tu, na povu limejaa. Nilikagua sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, moja moja kwa kidole, nikatafuta palipolowa, sikuona. Mashine haimezi hewa bila sababu. Mahali fulani, kwa namna fulani, ilikuwa inalishwa hewa, na mimi sikuwa naona mkono unaoilisha. Nilitoa hewa upya, kazi ile ile, mbele, nyuma, nikamwambia, "Kesho nakwenda na wewe. Safari nzima."

"Utakaa wapi?"

"Na mitungi."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye trela, miguu inaning'inia, katikati ya mitungi mitupu, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Watoto waliokuwa njiani walicheka na sikuwalaumu. Mwendo wa kwanza ni tambarare, kupita nyuma ya kanisa, na trekta ilikwenda laini. Nikaanza kujiambia labda jana ilikuwa mabaki ya hewa. Tukafika pale kwenye mawe makubwa mawili, barabara inapoinama kuelekea chini, mteremko mmoja mrefu hadi kwenye tangi. Dereva akasimamisha. Akazima injini. Akashuka, akaja nyuma nilipokuwa, akaniambia, "Toa mguu," akainama akapitisha mkono chini ya ndoano, akavuta kitu. Nikasikia chuma kikiingia kwenye pengo lake.

"Unafanya nini?"

"Naweka frii."

Alisema kama nimemwuliza kwa nini anavaa viatu. Akarudi kitini, akaachia breki.

Sina budi kuisema safari ile jinsi ilivyokuwa. Hakukuwa na mlio wa injini. Kulikuwa na upepo, na mitungi mitupu ikigongana, na magurudumu yakila kokoto. Bonde lote lilikuwa mbele yetu, Voi imekaa kwenye vumbi lake jekundu, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari, na mbali huko treni nyeupe inakwenda bila sauti. Tulikwenda kwa kasi kuliko trekta ile ilivyotengenezwa kwenda. Leso ya Dereva ilipepea. Waliokuwa wakipanda na mitungi kichwani walisogea pembeni wakasema, "Dereva," naye akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kidole kimoja tu, kama wanavyofanya madereva wa malori. Kwa dakika mbili tatu nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata miaka mingi. Kisha nikaelewa nilichokuwa nakiona.

Huku kwetu hakuna dereva asiyeshuka mlima na frii. Toka Wundanyi kuja Mwatate, toka Mwanda kuja chini, pikapu na malori yote: ukifika kichwani mwa mteremko unaiondoa gia, unaachia mlima ukubebe, petroli inakaa kwenye tangi lake. Ni kosa, na breki zimeua watu, lakini ni desturi, na mtu anayeshuka na gia huonekana mwoga au mtu wa bara. Lakini trekta hii haina gia ya kuondoa. Kile kifimbo alichokivuta, mbali na kutoa hewa, kimewekwa kwa jambo moja: injini ikikataa, uweze kuisukuma kwa mkono polepole, hatua chache, mpaka kivulini. Ukikivuta ukashuka mlima mzima injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanaizungusha mota kwa nguvu bila pampu kuipelekea mafuta inavyotakiwa. Inapata joto, inavuta hewa penye sili, inatengeneza povu. Na kifimbo chenyewe, kilichovutwa mara nne kila siku kwa miezi, kilikuwa kimepinda. Tulipofika chini nilipiga magoti nikakiangalia akikirudisha. Hakikurudi chote. Kilibaki nje kama upana wa ukucha. Kwa hiyo akipanda na mzigo, njia ya pembeni bado iko wazi kidogo, nguvu inavuja. Inavuta, inaacha.

Nilimweleza pale pale, tukiwa tumechuchumaa nyuma ya trekta, bomba likijaza mitungi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatema mate kwenye kidole, akafuta vumbi juu ya kifimbo. Kulikuwa na kibandiko pale. Maandishi yake yote yalikuwa yameliwa na jua isipokuwa neno moja, FREE.

"Mimi si mjinga," akasema. "Imeandikwa."

Ni kweli ilikuwa imeandikwa. Waliokiandika kile kibandiko hawakuwa wakifikiria mlima.

"Nani alikufundisha kushuka hivyo?" nikamwuliza, ingawa nilidhani najua.

"Marehemu. Hakuwa ananipa lori lake niendeshe, hata barabara tupu. Lakini tukitoka Wundanyi na mboga, akifika pale juu, alikuwa anaushika mkono wangu anauweka kwenye gia, ananiambia, sasa, toa. Ninatoa. Tunashuka hivyo mpaka Mwatate, kimya, yeye ameshika usukani, mimi nimeshika gia isiyo na kazi." Alifunga bomba. "Watu husema alikufa kwa gari kwa sababu alikuwa dereva. Alikufa kwa sukari, kitandani. Alikuwa anasema mlima ukikupa bure, pokea."

 Nikaanza kupakia mitungi.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiharibu."

"Ni kile kifimbo, kimepinda."

"Fundi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilijipinda?"

"Hapana."

"Na kesho mwenyekiti atakuuliza."

"Ataniuliza."

Alipanda kitini. Kabla hajawasha alisema bila kugeuka, "Wewe utasema unachotaka. Mimi siombi."

*

Mkutano ulifanyika baada ya ibada, ndani ya kanisa, mabenchi ya mbele. Nilikuwa nimenyoosha kifimbo kwa nyundo na kuitoa hewa mara ya tatu, na asubuhi ile trekta ilipita mbele ya watu wote ikiwa laini. Mwenyekiti alisimama. Ni mzee mwembamba, anavaa koti hata kwenye joto, na bado anaongea kama kuna ubao nyuma yake.

"Fundi atatuambia ugonjwa ulikuwa nini, na kama utarudi. Halafu tutaamua."

Nilisimama. Nilikuwa nimelala na maneno yangu yakiwa tayari. "Kuna kifimbo cha frii nyuma," nikasema. "Kilikuwa hakifungi vizuri. Hewa ikaingia kwenye mafuta."

"Na kwa nini kilikuwa hakifungi?"

Dereva alikuwa benchi la pili, mikono magotini. Nilijua kwamba nikisema ukweli wote, ufunguo utaondoka mkononi mwake, na nikisema uchakavu, ataendelea kushuka frii, na mwisho wa mwezi trekta itakufa mlimani na hoteli itaichukua kama chuma chakavu. Nimeishi mahali pengi, na sehemu nyingi niliondoka kabla sijafika kwenye swali la namna hiyo. Nilisimama pale, watu wananiangalia, nikaangalia kofia yangu.

"Fundi hajui kusema uongo na hajui kusema ukweli," akasema Dereva. "Kaa chini, fundi."

Nikakaa. Yeye akasimama.

"Ni mimi. Nilikuwa nashuka nayo frii."

 Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa zamani na pikapu, akaanza kucheka chini kwa chini.

"Nani hapa hajashuka Sagalla na frii?" akasema.

"Wewe ulishuka na frii mpaka ndani ya mkonge," mke wake akamjibu. "Tulikutoa miba siku tatu."

Mabenchi yakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alingoja mpaka wakamaliza, kama alivyokuwa akingoja darasa.

"Hii trekta si ya kuchekesha. Wapo wanaoingoja maji wakiwa kitandani. Nikikuachia ufunguo, nani ananihakikishia?"

"Mwalimu, mimi sikuhakikishii. Mimi nimezoea. Mkono wangu unakwenda wenyewe." Alifikiri. "Fundi akitoe. Kile chuma kitoke kabisa. Kisiwepo nikakitafuta."

"Na siku injini ikikataa njiani?" mwenyekiti akaniuliza. "Bila hicho tutaisukumaje?"

"Haitasukumika," nikasema. "Mtanipigia simu. Ninakuja nacho, ninakirudisha, tunaisukuma, ninakitoa tena."

Nilisikia maneno yangu baada ya kuyasema. Mtu anayeahidi hivyo ni mtu aliye karibu. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake kama aliyesikia jambo lile lile. Akawauliza watu. Mikono ikapanda, si yote, lakini ilitosha. Hoteli iambiwe asante. Ufunguo ubaki kwa Dereva.

*

Jumatatu asubuhi nilikitoa. Nilifunga njia ya pembeni kwa ndani, nikatia kitu cha kuikaza isifunguke kwa mtikisiko, nikachomoa kifimbo chote. Dereva alisimama akinitazama akiwa na mikono nyuma. Nilipomaliza alipita nyuma ya trekta, akainama, akapitisha mkono chini ya ndoano mahali pale pale, akakuta hewa. Akaurudisha mkono, akaupangusa kwenye leso.

"Sawa," akasema.

Nilimweleza jinsi ya kushuka: injini ikiwa inanguruma, mguu kwenye pedeli kidogo sana, mashine yenyewe itakushikilia, haitakimbia. Alisema ameelewa. Aliniuliza kama nataka kwenda, kuhakikisha. Niliona kwamba hataki niende, nikasema nina vifaa vya kukusanya.

Sikuwa na vifaa vya kukusanya. Nilitembea hadi kwenye mawe makubwa mawili nikasimama. Alishuka polepole mno, pengine polepole kuliko mtu anayetembea. Mwanamke aliyekuwa akiteremka na mtungi mtupu alimpita, akageuka, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, na Dereva hakuinua kidole. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Leso haikupepea. Niliona kwamba nimefanya kazi yangu vizuri, na nikatamani kuwa mahali pengine popote.

Alipanda na mitungi kumi na miwili, yote imejaa mdomoni. Aliposimama zahanati nilimwuliza inakwendaje.

"Kupanda, haina neno."

"Na kushuka?"

Alikuwa anafungua kamba ya mitungi. "Kama kushikwa mkono na mtu usiyemjua," akasema. Halafu mtu akaita kutoka mlangoni, "Dereva, kwa mzee bado," naye akaitika, akapeleka mtungi ndani, akarudi, akapanda kitini, akaondoka kwa safari ya pili. Hakuniaga, kwa sababu mtu huaga akiwa hana kazi.

Nilibaki pale barazani bila jambo la kufanya. Kulikuwa na foleni ya watu saba wanane, na yule mama mkongwe aliyetia mkono ndani ya mtungi siku ile alikuwa wa mwisho, ameketi ukutani. Macho yake hayakuona mbali. Baada ya muda aliniuliza, kwa sababu nilikuwa karibu, Dereva amefika wapi.

Siku zote kabla ya hapo hakuna ambaye angeweza kumjibu. Trekta ilikuwa ikifika kwenye mawe inanyamaza, na watu wanakaa wakisubiri mpaka itokee tena. Sasa mlio ulikuwa haukatiki. Uliteremka, ukazunguka kona, ukawa mdogo, lakini ulikuwepo.

"Amepita mawe," nikamwambia. "Yuko kwenye kona ya pili. Anakwenda polepole."

"Mwache aende polepole," akasema mama yule, akanisogezea nafasi ukutani nikae.

Nikakaa, nikaendelea kumwambia alipo.